Nane iliyosomeka tatu: kisa cha rekodi za hesabu za kikundi Kibirizi

Ugomvi ulianza na shilingi 5,000. Akina mama wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, wengi wao wauza dagaa wa Kibirizi hapa Kigoma, walikuwa wameamua kuachana na daftari kubwa la mkono na kuhamia kwenye jedwali la Excel. Mwalimu mmoja wa kompyuta, kijana wa Ujiji ambaye mama yake ni mwanachama, alijitolea kuwafungia hesabu kila mwezi na kurekodi kioo cha kompyuta yake huku akieleza: huyu ana hisa ngapi, huyu amerejesha kiasi gani, faida imegawanywaje. Rekodi inatumwa kwenye grupu la WhatsApp, kila mama anaangalia kwenye simu yake na kunakili salio lake kwenye kitabu chake cha hisa. Mama mmoja akanakili 43,500. Jedwali lilisema 48,500. Siku ya mkutano kitabu na jedwali vikakataana, na haikupita saa watu wazima walikuwa wanaulizana nani amekula elfu tano.

Hakuna aliyekula. Ile 8 ilisomeka 3.

Mimi nina kibanda cha ufundi Mwanga, simu na kompyuta. Mwalimu alikuja akiwa na kompyuta yake kwapani na malalamiko mawili ameyaandika kwenye kipande cha boksi, kwa maneno ya mama mhazini mwenyewe: "maandishi yamelowa" na "unaongea ukiwa ndani ya pipa". Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu mwalimu alikuwa amefanya kile ambacho wengi wetu hukifanya picha ikiwa mbaya. Alipandisha kila namba mpaka mwisho, na kila alivyopandisha, mambo yakazidi kuharibika.

Kompyuta na mipangilio niliyoikuta

Kompyuta ni ya kawaida kabisa: prosesa ya Core i3 ya miaka kadhaa iliyopita, RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka, kioo cha nukta (pikseli) 1366 kwa 768. Betri inashika dakika arobaini hivi ikiwa na siku nzuri. Programu ya kurekodi ni OBS Studio, ambayo ni ya bure na inafaa kazi hii; sikuona sababu ya kumhamisha.

Mipangilio aliichukua kwa kijana mmoja anayerekodi michezo ya kompyuta na kuiweka mtandaoni. Ukubwa wa picha 1920 kwa 1080. Fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde. Kasi ya picha kilobiti 40,000 kwa sekunde, tena kasi isiyobadilika, ile inayoitwa CBR. Sauti kilobiti 320, stereo, yaani njia mbili. Faili la MP4. Kwa mtu anayecheza mpira wa kwenye kompyuta yenye kadi ya picha ya nguvu, hayo si mabaya. Kwa jedwali la hisa lililotulia kama maji ya kisima, ni vurugu tupu.

Piga hesabu. Kilobiti 40,000 ukigawa kwa nane unapata kilobaiti 5,000, yaani MB 5 kila sekunde. Somo lake ni dakika 25, sekunde 1,500. MB 7,500. Faili moja la GB saba na nusu, la mtu anayehesabu hisa za dagaa! Na cha kusikitisha, sehemu kubwa ya hizo GB haikuwa na kitu ndani. Rekodi ya video huhifadhi zaidi yale yaliyobadilika kutoka fremu moja hadi nyingine, na kwenye jedwali kinachobadilika ni mshale wa kipanya na namba mbili tatu. Lakini ukiiambia enkoda ya x264, ile inayoibana video wakati wa kurekodi, kwamba kasi ni 40,000 na isishuke, ikikosa cha kuandika inajaza biti tupu ili kutimiza kiwango ulichoiagiza. Ni gunia la dagaa lililojazwa mchanga ili mzani upande.

Faili hilo haliwezi kupita WhatsApp, ambayo hata kwa njia ya waraka mwisho wake ni GB 2. Kwa hiyo mwalimu akawa anaipitisha kwenye programu nyingine ya kubana, inatoka ndogo, 640 kwa 360. Kisha anaituma kama video ya kawaida, na WhatsApp nayo inaibana tena kwa njia yake.

Safari ya namba 8

Hapa ndipo nilipokaa na mwalimu muda mrefu kuliko pengine popote, maana bila kuiona safari hii mtu ataendelea kuhangaika na namba.

Kwenye kioo chake, jedwali likiwa kwenye ukubwa wa asilimia 100 na herufi za saizi 11, tarakimu moja ina urefu wa nukta tisa au kumi. Tulizihesabu kwa kukuza picha ya kioo mpaka nukta zikaonekana kama vigae. Nane ilikuwa na matundu yake mawili, ukuta wa kushoto na wa kulia, safi. Tatu ilikuwa ni nane ileile isiyo na ukuta wa kushoto. Tofauti ya 8 na 3 kwa ukubwa huo ni nukta chache tu upande mmoja.

Sasa kioo cha 1366 kinavutwa kijaze turubai, yaani eneo ambalo OBS inapanga picha yake, la 1920. Nukta moja haiwezi kuwa nukta moja na nusu, kwa hiyo programu inakadiria: hapa nyeusi kidogo, pale kijivu. Ukungu wa kwanza. Halafu programu ya kubana inaishusha hadi 360. Ile tarakimu ya nukta kumi sasa ina nukta zisizofika tano kwenda juu, na ule ukuta wa kushoto wa nane umebaki kivuli cha kijivu. Ukungu wa pili. WhatsApp inaona kivuli hafifu, inakihesabu kuwa kitu kisicho na maana, inakifuta. Nane imekuwa tatu, na mama wa watu anaitwa mwizi.

Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo fundi, mimi ndiye niliyekula elfu tano." Tulicheka, ingawa yeye alicheka nusu.

Mimi nami nikakosea

Nilijiona nimeshamaliza. Nikasema, simu za akina mama ni ndogo, picha kubwa ya nini? Nikapunguza ukubwa wa picha inayotoka hadi 854 kwa 480, nikaacha kioo kama kilivyo, tukarekodi dakika moja. Herufi zikafa. Kosa lilikuwa lilelile la mwanzo, nilikuwa nimelipunguza makali tu. Kushusha 1366 hadi 854 ni kuibana kila herufi kwa zaidi ya theluthi. Kioo cha simu ni kidogo kwa sentimita, lakini nukta zake ni nyingi zilizosongamana. Simu nyingi za bei ya chini siku hizi zina 720 au zaidi. Simu ingeweza kuonyesha kilicho safi. Mimi ndiye niliyeipa kilichosagika.

Jaribio la pili likanishangaza zaidi, na nalieleza kwa sababu kompyuta za 1366 kwa 768 zimejaa mitaani. Niliweka turubai 1366 kwa 768, picha inayotoka 1366 kwa 768, kwamba sasa hakuna kubana wala kuvuta. Tukarekodi. Herufi za katikati ya kioo zilikuwa kali kama wembe. Kuelekea robo ya kioo, kushoto na kulia, kulikuwa na mstari wa ukungu uliosimama wima, kisha pembeni kabisa zikawa safi tena. Nilidhani kioo changu kina mafuta. Nikakifuta.

Baadaye nikafungua sifa za faili. Lilikuwa 1364 kwa 768. OBS hutaka upana wa picha inayotoka ugawanyike kwa nne, na 1366 haugawanyiki. Ikashusha nukta mbili kimyakimya. Kwa ajili ya nukta mbili hizo ikalazimika kubana mstari mzima, kila nukta ikasogea kidogo kutoka mahali pake, na pale ambapo msogeo unafika nusu nukta ndipo ukungu unapokuwa mzito.

Dawa ikawa kuacha kugusa rekodi na kugusa kioo chenyewe. Kwenye mipangilio ya Windows tulishusha ukubwa wa kioo hadi 1280 kwa 720. Kwa macho ya mwalimu kioo kilionekana na utando kidogo, maana sasa mashine inavuta 1280 ijaze vioo vya 1366. Lakini programu ya kurekodi haikamati kioo cha plastiki. Inakamata picha iliyo ndani ya mashine kabla haijavutwa, na ile ni 1280 kamili. Turubai 1280 kwa 720, picha inayotoka 1280 kwa 720, hakuna cha kuvuta wala cha kubana mahali popote. Halafu jedwali lenyewe tukalikuza hadi asilimia 160. Tarakimu ikafika nukta kumi na tano, kumi na sita. Nafasi ya kuonyesha safu zote ilipungua, kwa hiyo mwalimu akaficha safu za kanuni na kubakiza jina, hisa, mkopo, rejesho na salio. Mhazini alipoona safu za kanuni zimefichwa akasema zilikuwa zinamchosha tangu mwanzo.

Rangi nayo ilituchelewesha. Mwalimu alipenda kuandika madeni kwa wekundu juu ya kijani. Kwenye mpangilio wa kawaida wa video, mwanga huhifadhiwa kwa kila nukta ila rangi huhifadhiwa kwa robo ya wingi huo: nukta nne zinagawana rangi moja. Herufi nyeusi juu ya nyeupe haiathiriki, kwa sababu tofauti yake yote iko kwenye mwanga. Nyekundu juu ya kijani inategemea rangi zaidi, na rangi ndiyo iliyopunjwa. Ipo namna ya kuhifadhi rangi kamili, lakini simu nyingi haziwezi kuifungua video ya hivyo. Tukabadilisha jedwali: nyeusi juu ya nyeupe, deni likawekewa alama ya kutoa mbele.

Feni, na kwa nini picha iliharibu sauti

Hili ndilo lililonifundisha kutotenganisha malalamiko mawili ya mhazini.

Nilipofungua kumbukumbu ambazo OBS huandika kila inaporekodi, nilikuta karibu theluthi ya fremu zilirukwa kwa sababu enkoda ilizidiwa. Haishangazi. Picha ya 1920 kwa 1080, mara 60 kila sekunde, ni nukta zaidi ya milioni 124 za kushughulikia kwa sekunde moja. Kwa hiyo mshale wa mwalimu ulikuwa unaruka: uko kwenye jina, mara uko kwenye salio, katikati hukuuona. Ameomba 60, amepata pungufu, tena kwa kushtukiza.

Prosesa ikifanya kazi hivyo inapata joto. Ikipata joto, feni inapanda. Na maikrofoni aliyokuwa anaitumia ni ile ya ndani ya kompyuta, sentimita chache kutoka kwenye feni. Mwalimu akisikia rekodi anasikia mvumo, sauti yake iko mbali. Anaongeza ukuzaji wa sauti. Windows aliipa desibeli 20, programu akaipa nyingine 30. Jumla 50, maana yake wimbi la sauti limekuzwa zaidi ya mara 300. Feni ikakuzwa mara 300. Mwangwi wa chumba cha saruji kisicho na dari, mara 300. Jogoo wa jirani vilevile. Na yeye mwenyewe akichangamka kidogo, kipimo kinagonga ukingo mwekundu, kilele cha wimbi kinakatwa, sauti inapasuka. Iliyokatwa haiungiki tena kwa kichujio chochote.

Kilobiti 320 za sauti zilihifadhi uchafu huo kwa uaminifu mkubwa.

Tukaanza na fremu. Jedwali halihitaji 60. Halihitaji hata 30. Tukaweka 15. Ukichanganya na 1280 kwa 720, nukta kwa sekunde zikashuka hadi milioni 13.8, kazi imepungua mara tisa kamili. Daraja la enkoda tukaliacha kwenye "veryfast", ambalo ndilo la kawaida la programu. Kwenye dakika ya kwanza ya jaribio feni ilianza kushuka. Dakika ya tatu nikamwambia mwalimu anyamaze, tukasikia bodaboda inapita barabarani. Hapo kabla usingeisikia.

Maikrofoni tukatoa kwenye hedifoni za simu, zile za waya zenye kidude kidogo kwenye mkondo. Tundu la kompyuta yake ni moja linalopokea hedifoni na maikrofoni pamoja, kwa hiyo zikaingia bila kifaa cha ziada. Umbali ndio uliofanya kazi kubwa. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako inapanda kwa desibeli 6 hivi, wakati mvumo wa chumba unabaki palepale. Kutoka sentimita 60 hadi 15 ni nusu mbili: desibeli 12 za bure. Hakuna kitufe kinachokupa hivyo. Mwanzoni kidude kilikuwa kinasugua kola ya shati, krr krr krr, na kila neno lenye "p" linapuliza; tukakibana kwa kibanio cha nguo chini kidogo ya kidevu, kimeelekea pembeni. Hakuonekana mtanashati.

Ukuzaji wa Windows tukaurudisha sifuri na wa programu tukautoa kabisa. Kipimo cha OBS kina kijani hadi desibeli hasi 20, njano hadi hasi 9, kisha wekundu. Nilimwambia azungumze kama anamweleza mama yake, nikapandisha kiwango cha maikrofoni taratibu mpaka maneno yenye mkazo yakawa yanaingia njano na kurudi, bila kugusa nyekundu. Tukaacha hapo. Nikaweka kichujio kimoja cha kupunguza kelele, kile chepesi cha Speex, kwa sababu kile kizuri zaidi cha RNNoise kinakula prosesa na nilitaka feni ilale. Kama mashine yako ina nguvu, chukua RNNoise.

Mambo mengine ya sauti nayapita haraka: masafa ya sampuli (sauti inapimwa mara ngapi kila sekunde) 48,000 kwenye Windows na kwenye programu, zilingane, njia moja badala ya stereo, kwa kuwa mtu ni mmoja na simu nyingi zinapiga kwa spika moja, kilobiti 96. Kwa sauti ya mazungumzo ya njia moja, 96 zinatosha, na somo la dakika 25 linakuwa na MB 18 za sauti badala ya 60.

Pipa lilibaki, ingawa limepungua. Chumba anachorekodia kina kuta tupu na bati juu bila dari. Alijaribu kutundika blanketi mbele yake na kuegemeza godoro nyuma ya kompyuta, na mwangwi ukapungua kiasi cha kuridhisha. Chaja nayo ilikuwa inaingiza mlio mwembamba kwenye maikrofoni, iiiii, unaopotea ukiichomoa. Basi anarekodi kwa betri. Dakika arobaini zinatosha somo moja. Mvua ikipiga bati, hata hivyo, hakuna kichujio nilichokiona kinachotenganisha mvua ile na maneno bila kuyala maneno yenyewe. Kigoma kuanzia Novemba ujue hilo, urekodi asubuhi mapema au usubiri.

Kasi iliyoachwa ijitafutie

Kurudi kwenye zile 40,000. Tuliacha kasi isiyobadilika, tukaingia kwenye CRF, ambapo unaiambia enkoda ubora unaotaka na yenyewe inatumia biti kadiri picha inavyodai. Namba zake zinakwenda kinyume na mazoea: 0 ndiyo bora kabisa, 51 ndiyo mbaya kabisa, na kama kanuni ya mkononi, ukipanda 6 faili linakaribia kupungua nusu. Tulirekodi dakika moja kwa 18, moja kwa 23, moja kwa 28, jedwali lilelile, maneno yaleyale.

Kwenye kioo cha kompyuta nilitofautisha 28 kwa kukodoa macho: baada ya kusogeza jedwali juu au chini, herufi zinachukua kama nusu sekunde kutulia. Kati ya 18 na 23 sikuona kitu. Mwalimu akasema anaona, nikamgeuzia kompyuta nikampangia bila kumwambia ipi ni ipi, akakosea. Tukachukua 23.

Somo zima la dakika 25 likatoka na MB 74. Kutoka 7,500.

Kwa ukubwa huo hakuna haja ya programu ya kubana, na hapo ndipo ukungu wa pili ulipofutika. Ukungu wa tatu, ule wa WhatsApp, tuliufuta kwa kutuma kama waraka: ukichagua njia ya faili badala ya video, WhatsApp inalipitisha bila kuligusa. Wenye bando dogo wanapakua kwa mmoja na kupeana simu kwa simu.

Lipo jambo moja ambalo mwalimu hakulileta kama lalamiko kwa sababu alidhani ni bahati mbaya. Mara mbili umeme ulikatika akirekodi, wakati ule bado anategemea chaja kwa kuwa 1080 ilikuwa inamaliza betri mbio, na mara zote mbili faili lilikuwepo, kubwa, ila halifunguki. Hiyo ni tabia ya MP4 ya kawaida: orodha inayoeleza kipi kiko wapi ndani ya faili huandikwa mwishoni, unapobonyeza kusimamisha. Mashine ikizimika kabla, una maghala yaliyojaa na funguo hazipo. MKV, aina nyingine ya faili la video, inaandika kidogo kidogo, ukizimika unapoteza sekunde za mwisho tu. Tukaweka MKV, na kwenye ukurasa wa mipangilio ya ndani zaidi tukaweka alama OBS iigeuze iwe MP4 yenyewe ikimaliza. Kuigeuza huko ni kuhamisha yaliyomo toka chombo hiki kwenda kile. Hakuna kinachobanwa upya, inachukua sekunde chache. Matoleo mapya ya OBS yana MP4 ya mseto inayohimili kuzimika, ila toleo lililokuwa kwenye mashine yake halikuwa nayo, na sikutaka kumla bando kwa kupakua jipya kazi ikiwa inakwenda.

Jaribio la Kibirizi

Sikutaka kuamini kioo changu. Ilikuwa siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani kwa sababu taa zao hazina kazi juu ya maji yenye mwanga, na akina mama wana nafasi. Tulimkuta mhazini chini ya kibanda cha makuti karibu na vichanja vitupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmeleta pipa lenu?"

Simu yake ina ufa unaopita katikati ya kioo, na jua la saa tano lilikuwa linapiga pembeni. Mwalimu akamfungulia rekodi mpya bila kumwambia lolote, akaisimamisha kwenye mstari wa 14. Mama akaivuta simu kwenye kivuli cha khanga yake, akaiweka mbali kidogo na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake.

"Arobaini na nane na mia tano."

Akaombwa asome wa 15, wa 16, wa 17. Akasoma yote. Wa 17 una sita na nane zimefuatana, 68,000, nami ndio niliokuwa nauogopa. Aliusoma kabla mwalimu hajamaliza kuutaja kwenye rekodi. Tulijaribu na simu nyingine mbili, moja ya binti yake yenye kioo kizuri na moja ya jirani yenye kumbukumbu iliyojaa picha, inayokwama kila wakati. Ile ya tatu ilikwama mara mbili mwanzoni kisha ikatembea. Rekodi ile ya 1080 ya zamani, tuliyoijaribu kwa kulinganisha baada ya kuikata kipande, haikufunguka kabisa.

Sauti aliisikiliza kwa spika ya simu, boti ya injini ikiwa inaondoka pale ufukweni. Akaongeza mpaka mwisho, akasikiliza dakika mbili tatu, akarudisha nyuma, akasikiliza tena sehemu ya mgawo wa faida.

"Pipa limekwisha," akasema. "Ila mwanangu, unakimbia. Unataja jina la mtu na salio lake kwa pumzi moja kama unafukuzwa. Mimi naandika huku nasikiliza."

Mwalimu alirekodi upya mwezi ule jioni yake, akitaja jina, akinyamaza, akitaja salio, akinyamaza tena. Ilitoka dakika 31, MB 92.